Shajara ya mradi: kuwatafuta wachache waliobaki na kichocho Pemba

Januari

Kibali cha kamati ya maadili kimetoka, kwa hiyo kazi imeanza rasmi. Mradi ni mdogo: shehia mbili (maeneo madogo ya utawala, kila moja chini ya sheha wake) za kaskazini ya Pemba, skuli zake, vyuo vyake vya Qur'ani, na kila mahali ambapo wakaazi wake wanagusa maji baridi (yasiyo ya chumvi) yasiyotoka mferejini, yaani bombani. Majina ya shehia siyaandiki. Moja nitaiita ya bondeni, kwa kuwa imezungukwa na mabonde ya mpunga, na nyengine ya mlimani. Ndivyo tulivyokubaliana na masheha, na ndivyo zinavyosema fomu za ridhaa walizotia saini wazazi.

Kwa msomaji mgeni: kichocho cha huku ni cha njia ya mkojo, na kinaletwa na minyoo wanaoitwa kitaalamu Schistosoma haematobium. Dume na jike hukaa pamoja kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na huweza kuishi humo miaka. Mayai yao yana mwiba mmoja mwishoni. Yanapopenya ukuta wa kibofu kutoka na mkojo, yanauchana, na hapo ndipo mtoto anapokojoa damu. Yai likiangukia maji baridi hupasuka, kijidudu kilichomo kinamtafuta konokono wa jamii ya Bulinus, na baada ya wiki kadhaa konokono huyo anaanza kutoa sekaria, vijidudu vyenye mkia wa panda vinavyopenya ngozi ya mtu yeyote aliye majini. Si lazima ayanywe maji. Kusimama humo anafua kunatosha.

Miaka ya 1980 ilikuwa kawaida kukuta zaidi ya nusu ya watoto katika skuli za Pemba wana ugonjwa huu. Vizazi viwili vya vidonge vya prazikwanteli vimeibadilisha hali hiyo kabisa. Kisha ukaja ule utafiti mkubwa ulioanza 2011 na 2012 ukamalizika 2017: shehia 90, Unguja 45 na Pemba 45, zote zikigawiwa dawa mara mbili kwa mwaka. Theluthi moja ilipata dawa peke yake, theluthi nyengine iliongezewa dawa ya kuulia konokono, na iliyobaki iliongezewa elimu ya tabia, sehemu salama za kufulia na vyoo vya mkojo skulini. Maambukizi yalishuka. Lakini mafungu matatu hayakupishana kwa kiasi cha kuridhisha takwimu, na ugonjwa haukukatika. Ulijikusanya katika shehia chache, na ndani ya shehia hizo katika vijito vichache.

Swali langu linaanzia hapo. Kuanzia 2020 Pemba imejaribiwa njia ya kumfuata mgonjwa: ukimpata mtoto mwenye mayai, unakwenda mpaka nyumbani kwao, unapima jamaa zake, unauliza wanapoingia majini, unakagua maji hayo. Njia ni nzuri na si uvumbuzi wangu. Mimi nataka kujua inamkosa nani. Mnyororo mzima unaanzia skulini, na si kila anayekojoa majini yuko skulini.

Januari, mwishoni

Siku nzima ya mafunzo kwa wapimaji wetu. Nimetumia muda mrefu kuliko nilivyopanga kwenye hesabu moja, na sijutii, kwa sababu bila hesabu hii mtu hawezi kuelewa kwa nini tunapima mara mbili.

Kipimo cha haraka ni kijiti kinachochovywa kwenye mkojo na kubadilika rangi kikikuta damu, hata ile isiyoonekana kwa macho. Tuseme, kwa mfano wa ubaoni tu, kijiti kinagundua wagonjwa 75 katika kila 100, na kinamsingizia asiyeumwa mara 2 katika kila 100. Chukua watoto 1,000 wa zamani, nusu yao wana kichocho. Kijiti kitawakamata 375 wa kweli na kusingizia 10. Jibu likiwa "ndiyo", unaliamini. Sasa chukua watoto 1,000 wa leo, wenye kichocho wawe 20. Kijiti kinakamata 15 wa kweli, na katika wale 980 wazima kinasingizia kama 20. Kijiti ni kilekile, hakikuharibika, lakini sasa zaidi ya nusu ya "ndiyo" zake si kweli. Na watano wenye ugonjwa wamerudi darasani wakiwa na jibu la "hapana".

Mpimaji mmoja, mtu mzima aliyefanya kazi hii tangu enzi za mkojo mwekundu, akaniuliza: "Kwa hiyo, Daktari, kadiri tunavyoshinda ndivyo kipimo kinavyokuwa kibaya?" Ndiyo hivyo hasa. Nimemwomba aliseme tena swali hilo mbele ya wenzake, maana limekuwa fupi kuliko somo langu lote.

Tuliloamua: kijiti kwa wote, hadubini kwa wote, na mwenye "ndiyo" kwa kijiti bila mayai anaombwa mkojo wa siku ya pili. Wasichana wakubwa wanaulizwa faragha, na mwanamke mwenzao, kama wamo katika siku zao. Damu ya hedhi na damu ya kichocho kijiti hakizitofautishi.

Februari

Skuli ya bondeni. Vikombe vinagawiwa baada ya saa nne asubuhi, kwa sababu mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne na saa nane mchana. Kabla ya hapo watoto wanarukaruka uwanjani, jambo ambalo maalim mkuu alidhani ni mzaha wetu mpaka nilipomweleza kuwa mwili ukitikisika mayai hutoka zaidi. Akaingia uwanjani naye.

Kazi ya kuchuja naiandika kwa kirefu kwa ajili ya vijana wanaotaka kujifunza, kwa kuwa makosa mengi huanzia hapa. Mkojo ukikaa, mayai yanazama chini. Basi kikombe hutikiswa kwanza, taratibu, ndipo unavuta mililita 10 kwa bomba la sindano. Bomba linafungwa kwenye kishikio chenye chujio la matundu ya maikromita 12. Yai la kichocho lina urefu wa maikromita zaidi ya 100, kwa hiyo maji yanapita na yai linabaki. Unasukuma pole, ukisukuma kwa nguvu chujio linapasuka na hutajua. Kisha chujio linawekwa juu ya kioo kwa pinzeti na kusomwa lote, ukingo hadi ukingo. Siku za ugonjwa mwingi msomaji alikuwa anaona mayai kabla hajakaa vizuri kitini. Sasa anasoma vioo asubuhi kutwa na kuona chembechembe za chumvi za mkojo, nywele za pamba, vumbi. Halafu kwenye kioo kimoja, pembeni kabisa, yai moja, refu, limekaa kama limelazwa, mwiba wake unaonekana wazi. Msomaji aliyechoka analipita. Tumeweka kanuni ya kupumzika kila saa, na mtu wa pili kusoma upya sehemu ya vioo bila kujua jibu la wa kwanza.

Shirika la Afya Duniani linamhesabu mwenye mayai 50 au zaidi katika mililita 10 kuwa na maambukizi makali, na nchi ikishusha wenye maambukizi makali chini ya asilimia 1 inahesabiwa kuwa imekitokomeza kichocho kama tatizo la afya ya jamii. Kwa kibofu cha mtoto kipimo hicho kina maana, kwa sababu madhara huenda na wingi wa mayai. Kichocho hiki kimo katika orodha ya visababishi vya saratani, ile ya kibofu. Kwa konokono kipimo hicho hakina maana yoyote. Mtoto mwenye mayai machache akikojoa kijitoni kila siku, kijidudu kimoja tu kikimpata konokono mmoja, konokono huyo atatoa sekaria kwa maelfu. Ndiyo maana katika mradi huu yai moja linahesabika kama mia.

Tanbihi ya kuchekesha: vikombe viwili vilirudi na maji ya mfereji, na kimoja cheupe pe chenye povu la sabuni. Watoto wa darasa la tano hawataki kukojoa kwa amri. Nawaelewa.

Takwimu sitaziweka hapa. Zitatoka baada ya kurudishwa kwanza kwa wazazi na kwa wizara. Naweza kusema tu kwamba shehia ya bondeni ilitupa tulichokitarajia na ya mlimani ikatupa zaidi ya tulichokitarajia, nayo haina hata kijito kimoja kwenye orodha rasmi ya maji.

Machi, Ramadhani

Kazi ya uwanjani imesimama. Prazikwanteli inatakiwa imezwe baada ya chakula, la sivyo kichefuchefu na kizunguzungu vinamwandama mtu, na mkojo wa aliyefunga ni mchache. Wote waliokutwa na mayai walishapewa dawa mwishoni mwa Februari.

Nimekaa na daftari la skuli na orodha za wakaazi za masheha, ninatafuta majina yasiyolingana. Hili ndilo kundi ninalolitaka: walio nje ya kipimo. Wanajigawa wenyewe kwa urahisi. Wavulana wa miaka 14 na kuendelea walioacha skuli wakaingia kwenye karafuu, uvuvi, au kuchimba mchanga. Wasichana walioolewa. Watoto wa ukoo walioletwa kwa bibi na hawajaandikishwa popote. Na wadogo kabisa, ambao mama anawakogesha kijitoni ndani ya beseni la maji yaleyale ya kijito.

Kuhusu wadogo: vidonge hugawiwa kwa fimbo ya kupimia urefu, na fimbo hiyo inaanzia sentimita 94. Aliye chini ya hapo hakupewa kitu kwa miaka mingi, si kwa sababu haumwi, bali kwa sababu hapakuwa na dozi yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unataka tiba ianzie miaka miwili, na sasa ipo dawa ya watoto wadogo, arprazikwanteli, iliyopata maoni ya kuungwa mkono na mamlaka ya dawa ya Ulaya Desemba 2023. Dawa ya kuyeyushwa kwenye maji, na si chungu kama ile kubwa. Natamani ifike huku haraka. Kwa sasa kidonge kinavunjwa, kinasagwa, kinachanganywa na juisi, na mtoto anakitema.

Aprili na Mei, masika

Mvua. Barabara ya shehia ya bondeni haipitiki kwa gari. Vespa inapita, ikisukumwa. Konokono hawapatikani, vijito vimefurika na kuwakokota. Hakuna la kuandika isipokuwa kwamba waliotibiwa wamepimwa tena. Dawa hii inaua minyoo waliokomaa na inawaacha wachanga, kwa hiyo aliyeambukizwa siku chache kabla ya kumeza anaweza kuonekana amepona, kisha mayai yakaanza upya bila yeye kugusa maji tena. Wengi wako safi. Wawili wa mlimani bado wana mayai, na wamepewa dozi ya pili.

Juni

Hii ndiyo siku iliyonifurahisha kuliko zote tangu mradi uanze.

Tulikuwa na orodha ya maji ya shehia ya mlimani iliyotengenezwa na watu wazima: visima, mifereji miwili, tangi la msikiti. Hakuna maji ya konokono. Mayai tunayo. Basi tukawakusanya wavulana waliokutwa na mayai pamoja na rafiki zao, chini ya mwembe nyuma ya skuli, tukawapa vijiti, tukawaambia wachore chini njia wanazopita kwa wiki nzima. Hatukusema neno "maji" wala "kichocho". Wakikisikia kichocho wanajibu walichofundishwa: hatuogelei, tunavaa viatu, tunakojoa chooni. Wanajua jibu sahihi kuliko sisi.

Walianza na skuli na nyumba zao. Kisha chuo. Kisha wakabishana juu ya mwembe wa nani uko wapi. Mmoja akavuta mstari mrefu ukashuka mpaka nje ya mchanga tuliowasafishia, akaambiwa na wenzake "huko si kwetu," naye akajibu, "Si kwetu lakini tunakwenda." Chuo chao kiko shehia ya tatu, ambayo haimo kwenye utafiti wangu. Njia ya kwenda huko inakatiza bonde, na bondeni kuna mahali wamepapa jina lao wenyewe, jina ambalo sheha hakulijua na mimi sitaliandika. Ni shimo. Watu walichimba mchanga wa kujengea, wakahama, mvua ikalijaza. Jioni ya Alhamisi, chuo kikitoka mapema, wanakoga hapo.

Mpaka wa shehia ni mstari wa serikali. Tunagawa dawa kwa shehia, tunapima kwa shehia, tunatoa asilimia kwa shehia, na ramani ya kila ripoti yangu imepakwa rangi kwa shehia. Maambukizi ya mlimani yalikuwa yanahesabiwa mlimani na yanapatikana kwengine. Asilimia haiwezi kukuonesha hilo hata uikokotoe vipi. Mtoto mwenye kijiti alituonesha kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kuwasha kishikwambi na kusubiri kipate setilaiti.

Shimo limeingizwa kwenye ramani. Kamati ya maadili imeandikiwa kuomba kuongeza eneo.

Julai

Mvua imekwisha, maji yametulia, majani ya majini yameota. Wakati wa konokono.

Tunavaa mabuti marefu na glavu za mpira. Anayesahau glavu anarudi garini, hata awe nani. Chujio lenye mpini mrefu linapitishwa chini ya majani, na wengine wanaokotwa kwa pinzeti kwenye mabua. Kumtambua Bulinus ni rahisi ukishaoneshwa: mshike ncha ya gamba ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikutazama. Mdomo ukiwa upande wako wa kushoto, huyo mtie kwenye chupa. Ukiwa kulia, ni wa jamii nyengine, mrudishe. Ugumu ni ndani ya Bulinus wenyewe. Pemba kuna globosus, ambaye anabeba kichocho cha watu, na nasutus, ambaye kwa hapa kwetu hahesabiwi kuwa mbebaji, na kwa macho wanafanana mno. Hao wanatenganishwa maabara kwa vinasaba.

Baada ya hapo kila konokono anawekwa peke yake kwenye kichupa cha maji safi, na vichupa vinapangwa juani. Sekaria hutoka na mwanga, kilele chake mchana. Muda huohuo, niongeze, ambao watoto wana joto na maji yanavutia. Unashika kichupa mbele ya kitambaa cheusi: kama kuna kitu, unaona vumbi linaloogelea, linapanda juu, linatulia, linazama kidogo, linapanda tena. Chini ya hadubini mkia umegawanyika mara mbili.

Hata mahali penye ugonjwa wa dhahiri, wanaotoa sekaria huwa wachache mno katika waliokusanywa. Vijito vya bondeni: hakuna hata mmoja. Shimo la wavulana: wamo. Kijana wetu wa konokono alipiga kelele watu wa shamba la jirani wakaja kutazama. Mzee mmoja akainama juu ya kichupa, akauliza, "Ndiyo hivi vinavyowatoa watoto damu?" Nikamwambia, "Mzee wangu, subiri, bado hatujui." Akaniona ninamficha kitu.

Sikumficha. Karibu na shimo kuna ng'ombe wanaofungwa kwa kamba na kunyweshwa hapohapo, na miaka ya karibuni Pemba imeonekana kuwa na kichocho cha ng'ombe, Schistosoma bovis. Konokono ni yuleyule, globosus, na sekaria hazitofautiani kwa hadubini. Kila sekaria tulizozikuta zimehifadhiwa kwenye karatasi maalumu kwa ajili ya vinasaba. Watafiti huwa makini sana na jamii hizi mbili tangu ule mlipuko wa mto Cavu, kisiwa cha Corsica, ambako watalii na wenyeji waliambukizwa mwaka 2013 na vimelea vikakutwa ni mchanganyiko wa kichocho cha watu na cha ng'ombe. Ulaya, katika mto wa watalii.

Tumeulizwa na wengi kwa nini tusimwage niklosamidi leo leo. Dawa hiyo inaua konokono vizuri. Inaua na samaki. Katika shimo lile wanawake wawili wanavua kwa tandilo, nao hawajaulizwa bado.

Agosti

Kikao cha wanawake wa bondeni, barazani kwa mmoja wao, baada ya sala ya alasiri. Wanaume wa timu yangu nimewaacha skulini.

Nilikwenda na maswali ya kufua na kukosha vyombo. Bibi mmoja alinikatisha kabla sijafika la pili. "Mwanangu, hayo ya mto tunayajua tangu hujazaliwa. Mfereji ule pale unautazama?" Nikautazama. "Unatoa maji usiku wa manane. Nani atafua usiku wa manane?" Nikasema, "Hakuna, bibi." Akasema, "Basi andika hilo." Nimeliandika.

Naongeza la kwangu. Katika ripoti za kichocho kuna sentensi inayorudi kila mwaka, kwamba jamii inahitaji kuhamasishwa zaidi. Sioni ushahidi wake katika shehia hizi. Wanawake waliokaa barazani walinieleza mzunguko mzima wa minyoo, konokono akiwemo, na mmoja alinisahihisha kuhusu saa hatari za mchana. Wanakwenda kijitoni kwa sababu nguo ni chafu leo. Ninayo sasa saa za mifereji yote ya shehia mbili, kwa wiki mbili mfululizo, zilizoandikwa na wakaazi wenyewe, na nitaziweka kwenye ripoti jedwali moja na mayai. Si takwimu za kitabibu, lakini ndizo zinazoeleza mayai yanatoka wapi.

Jambo la pili lilikuja mwishoni, kwa sauti ya chini, wengi walipokwisha kuondoka. Kichocho kwa mwanamke hakiishii kibofuni. Mayai hujikita kwenye shingo ya kizazi na uke, yakaleta vidonda, kutokwa na damu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, pengine utasa. Makadirio yanayotajwa zaidi ni wanawake na wasichana milioni 56, karibu wote Afrika. Akienda kituoni anatibiwa magonjwa ya zinaa, anarudi nyumbani na maneno ya kueleza kwa mumewe, na vidonda vipo palepale. Mara nyingi mkojo wake hauna yai hata moja. Kwa hiyo kipimo changu chote cha Februari, kijiti na hadubini, kisingemwona.

Nimezungumza na mkunga wa kituo cha karibu. Wanawake wenye dalili wataangaliwa na kupewa prazikwanteli, na mradi utalipia nauli. Kwenye fomu limeongezwa swali moja, linaloulizwa na mwanamke tu.

Septemba

Majibu ya vinasaba yamefika.

Sekaria za shimo ni za kichocho cha ng'ombe. Zote tulizopeleka.

Nimeusoma waraka huo mara kadhaa, kisha nikawaita wote mezani. Tafsiri rahisi ni kwamba shimo halina hatia na wavulana waliambukizwa kwengine. Siikubali haraka hivyo, kwa sababu konokono wenye kichocho cha watu wangeweza kuwa wachache kiasi cha kutupita mwezi mmoja wa Julai, na globosus wamejaa pale, na wavulana wanakojoa pale, tumewaona. Tafsiri ya pili ni kwamba wote wawili wanazunguka katika maji yaleyale, wa ng'ombe kwa wingi na wa watu kwa uchache. Ya tatu ni kuwa kuna maji mengine kwenye njia ya chuo ambayo hata vijiti vya watoto havikuyachora. Kwa data nilizonazo sitachagua. Lakini lingekuwa jambo la hatari kama tungetangaza mwezi wa saba, kama tulivyoshawishiwa, kwamba chanzo kimepatikana, tukamwaga dawa, tukaua samaki, tukaondoka.

Yaliyopangwa kabla ya vuli:

Shimo litakaguliwa tena, na bonde lote kutoka shimo hadi chuo litatembewa kwa miguu pamoja na wavulana, siku ya Alhamisi, saa wanayopita wao. Kibali cha kuingia shehia ya tatu kimeshapatikana. Sheha wake ametukaribisha kwa sharti moja, kwamba na shehia yake ipewe jina la kubuni kama zile mbili. Itakuwa ya njiani.

Wavulana walio nje ya skuli tutawapima jioni wanakocheza mpira, si nyumbani. Nyumbani hawapatikani, na mama anajibu kwa niaba yao.

Daktari wa mifugo wa wilaya amekubali kupima ng'ombe wanaonyweshwa shimoni. Wenye ng'ombe wana swali lao, kama wakikutwa wagonjwa nani atawatibu, na mimi sina fungu hilo kwenye bajeti. Nimeandika barua kuomba.

Wale wawili wa mlimani waliopewa dozi ya pili: mmoja yuko safi. Mwengine ana mayai tena, na mama yake anasema hajaacha kwenda chuo hata Alhamisi moja.